Mbuzi Asiye na RNA

Niliambiwa niandike neno moja nikakataa. Neno lenyewe lilikuwa "haikuonekana," na hadi leo wako watu wasioelewa kwa nini neno dogo namna hiyo, tena la kweli, lilinigombanisha na mkubwa wangu wa kazi, na baba mdogo wangu, na karibu kila mtu aliyekuwa na mbuzi wa kuuza Kajiado msimu ule. Wengine walisema nina kiburi. Sikubishana nao sana. Nilichokataa ni kuandika neno ambalo lingewafanya watu waamini jambo ambalo mashine haikusema.

Nilikuwa nafanya kazi katika maabara ndogo ya mifugo Kitengela, chini kabisa ya jengo la ghorofa. Upande mmoja tulipakana na duka la saruji na mabati, na juu yetu kulikuwa na kanisa, kwa hiyo siku za maombi ya mchana dari ilitetemeka huku mimi nikipima matone madogo kuliko machozi. Tulikuwa watu wachache. Mkubwa wetu alikuwa daktari wa mifugo, mtu mpole aliyechoka, aliyeijenga maabara ile kutoka chumba kitupu. Kazi yangu ilikuwa kutafuta magonjwa kwa kutafuta RNA.

Lazima niieleze RNA hapa, kwa sababu bila hiyo habari hii haieleweki, na nimechoka kuambiwa kwamba haiwezi kuelezwa kwa Kiswahili. Ndani ya seli za ng'ombe, za nyasi, na zangu mimi ninayeandika, kuna kiini, na ndani ya kiini kuna DNA, ambayo ni maagizo yote ya mwili yaliyofungiwa pamoja. DNA hiyo haitoki nje ya kiini. Seli ikitaka kutengeneza kitu, tuseme protini ya maziwa au ya unywele, inanakili kipande cha agizo kwa RNA. RNA ni uzi mmoja mwembamba wa herufi nne zinazojirudia kwa mpangilio wa kila namna. Uzi huo unatoka kwenye kiini, unaenda pale protini zinapojengwa, na huko unasomwa herufi tatu tatu. Jambo lililonishangaza nikiwa chuoni ni kwamba hata karakana inayousoma uzi ule imejengwa kwa RNA nyingine, iliyojikunja na kujishika yenyewe hadi ikapata umbo. Anayeleta vifaa vya ujenzi, kimoja baada ya kingine, naye pia ni RNA. Ukiacha chembe nyekundu za damu zilizokomaa, ambazo huwa zimeshatupa karibu kila kitu zilichokuwa nacho, sijui seli ya mbuzi inayoishi bila RNA. Haiwezi kutengeneza chochote. Haiwezi hata kujirekebisha.

Na bado uzi huo hauna nguvu yoyote. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, na unaweza kuichimbua kwenye mfupa wa zamani ukaisoma. RNA ni uzi mmoja, na sukari iliyoushikilia ina oksijeni moja ambayo ile ya DNA haina. Joto likizidi, oksijeni hiyo hugeuka kisu kinachoukata uzi wenyewe. Isitoshe, jasho la vidole, mate na vumbi vimejaa vimeng'enya vya kuila. Wenzangu waliulaani udhaifu huo kila siku, na mimi niliupenda. Seli haitaki agizo la jana liendelee kutekelezwa leo. Inasoma, inavunja, inatumia herufi zile zile kuandika jingine. Mwili ambao RNA yake haivunjiki ungekuwa mwili usioweza kubadilisha nia.

Nyumbani kwetu ni nje ya mji wa Kajiado, mahali ambapo mvua ikikosa unaona barabara ya Namanga kutoka mbali kwa vumbi la magari yanayochepuka. Mwaka huo ukame ulikuwa umeshamaliza ng'ombe. Familia zilizokuwa na makundi makubwa zilibaki na mbuzi, na mbuzi hao ndio walikuwa karo, unga na dawa. Halafu mbuzi wakaanza kuugua. Macho yalitoa ute, pua zikaziba makamasi, midomo ikajaa vidonda hadi hawakuweza kula, kisha wakahara na kufa. Wazee wengi walisema ni olkipiei, ule ugonjwa wa mapafu wanaoujua tangu utotoni, na wakawadunga dawa. Mbuzi waliendelea kufa. Mama alinipigia simu akanieleza kuhusu vidonda vya mdomoni, na nikamwomba arudie, kwa sababu olkipiei haileti vidonda vya mdomo. Nilihofia sotoka ya mbuzi, ambayo huletwa na kirusi kisicho na DNA hata chembe. Maagizo yake yote yameandikwa kwa RNA, naye huingia kwenye seli ya mbuzi na kuilazimisha kuacha kazi yake ili itengeneze yeye.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na baba mdogo, ndugu yake, ndiye aliyetulea. Ni mtu mrefu, mzee wa kanisa, anayeongea kwa sauti ya chini hadi watu wanalazimika kumsogelea. Nilipokuwa darasa la saba kuna watu walikuja nyumbani kuniposa, na ni yeye aliyewaambia warudi walikotoka, kwamba msichana huyu ana shule. Aligombana na ndugu zake kwa ajili hiyo. Nasema haya mapema ili asije mtu akafikiri nilimpinga kwa sababu simpendi au simheshimu.

Yeye ndiye aliyewashawishi wafugaji wa kwetu kwamba mbuzi wapimwe, ili soko likifika wanunuzi wasiwe na hofu. Mtaalamu wa afya ya mifugo wa pale kijijini alichukua sampuli vizuri tu, akapitisha vijiti vya pamba puani na machoni mwa mbuzi wagonjwa, akavifunga kwenye vichupa, akampa baba mdogo barafu pamoja navyo. Baba mdogo aliviweka juu ya dashibodi ya pikapu yake ili visimwagike, akaja Kitengela. Alipofika alipitia kwanza kwa fundi wa matairi, kisha duka la mabati, kisha akala. Jua la mchana lilikuwa likipiga kioo cha mbele muda wote huo.

Nilivipokea vichupa kaunta. Barafu ilikuwa maji, na maji yalikuwa na uvuguvugu kama ya kunawia mikono hotelini. Nilimwambia baba mdogo pale pale kwamba sampuli zimeharibika na itabidi zichukuliwe nyingine. Alitabasamu akasema nipime tu, pua ya mbuzi ni pua ya mbuzi. Nilimwendea daktari nikamwambia tuzikatae. Alisema mzee ametoka mbali, nipime.

Nikapima. Katika kipimo kile mashine hutafuta vitu viwili kwa pamoja: RNA ya kirusi, na RNA ya mbuzi mwenyewe. Ya mbuzi hutafutwa kwa makusudi, kama njia ya kumwuliza mhusika kama yuko nyumbani kabla hujasema hakufungua mlango. Kila kimoja kikipatikana, mstari wake kwenye skrini hupanda. Mstari wa kirusi ulilala chini, haukupanda. Mstari wa mbuzi nao ulilala. Nikarudia kwa vichupa vyote. Sampuli ya majaribio tuliyoiweka wenyewe, yenye RNA zote mbili, ilipanda vizuri, kwa hiyo mashine ilikuwa nzima. Katika vichupa vya baba mdogo hapakuwa na kirusi, na hapakuwa na mbuzi.

Daktari alitazama skrini juu ya bega langu akaniambia niandike haikuonekana.

"Daktari, hata mbuzi haonekani," nikamwambia.

"Naona. Lakini ugonjwa ulionekana?"

"Haukuonekana."

"Sasa ukiandika hivyo utakuwa umedanganya wapi?"

Nilijua alipotaka kunifikisha. Neno lilikuwa kweli. Kule sokoni, hata hivyo, lingesomwa kwamba mbuzi hawa hawana ugonjwa, na yeye alijua hivyo kama mimi. Hakuwa mjinga yule mtu. Alifahamu RNA kabla mimi sijajua kusoma. Shida yake ilikuwa wateja. Wafanyabiashara wa mifugo ndio walioiweka hai ile maabara, na walikuwa wanapiga simu kila siku kuuliza kama Kajiado kuko sawa.

"Mashine inasema tumepima mbuzi ambaye hana RNA," nikasema. "Mbuzi kama huyo hayuko. Siandiki. Nitaandika kwamba sampuli imeoza."

Alivuta kiti, akaandika mwenyewe na kutia sahihi yake. Hakunifokea. Nilikaa pale nikisikia kwaya ikiimba juu ya dari, na nikaamua kwamba sitanyamaza. Uamuzi wenyewe haukuwa mgumu. Ugumu ulikuwa kujua kwamba mtu wa kwanza nitakayesimama mbele yake kumpinga ni baba mdogo, yule aliyenisimamia mimi.

Jumamosi nilienda nyumbani. Wafugaji walikuwa wamekutana kwa baba mdogo, kando ya tangi la maji, wanaume kwenye viti vya plastiki na wanawake kwenye mikeka karibu na ua. Mkutano ulikuwa wa kupanga malori ya kubeba mbuzi kwenda sokoni. Karatasi ya maabara ilikuwa imeshapita mikono yote. Nilisalimia, wakaitikia vizuri, mzee mmoja akanisifu kwamba maabara yangu imewaokoa. Nilimshukuru, kisha nikasema naomba kuongea. Mwanamke ambaye hajaitwa kuongea hasimami katika mkutano wa namna hiyo. Nilisimama hata hivyo.

Niliongea Kimaa, nikikopa Kiswahili pale Kimaa kiliponipungukia. Niliwaambia kwamba ndani ya kila mbuzi aliye hai kuna kitu kinaitwa RNA, na kwamba bila hicho mwili hauwezi kutengeneza nyama wala maziwa wala unywele mmoja. Nikawaambia mashine yetu ilimtafuta mgonjwa na ugonjwa kwa pamoja, na haikumpata hata mmoja wao. Kisha nikamgeukia baba mdogo, kwa heshima, nikamwuliza kama mbuzi waliochukuliwa sampuli walikuwa hai siku ile.

"Walikuwa hai," akasema. "Mmoja alinipiga teke hapa." Akaonyesha goti, na watu wakacheka.

"Basi kilichokufa ni sampuli. Hiyo karatasi haisemi chochote kuhusu mbuzi wenu."

Kicheko kilikatika. Mtu mmoja akauliza kama nasema mzee ameua sampuli. Nikasema jua ndilo lililoiua, na kwamba RNA haisubiri mtu anunue mabati. Pengine ningeweza kulisema hilo kwa upole zaidi. Nikawaeleza kuwa kama ni sotoka, lori moja la mbuzi wagonjwa linatosha kumaliza mbuzi wote huko chini hadi Oltepesi, na kwamba wale watakaonunua mbuzi wetu ni watu kama sisi, waliobakiwa na mbuzi tu.

Baba mdogo alisimama pole pole. Kama kawaida yake aliongea chini, na kama kawaida watu walimsogelea.

"Nilikupeleka shule usome," akasema. "Sikukupeleka ili uje unifungie soko."

Maneno hayo yaliniuma, na yananiuma ninapoyaandika. Lakini nilikuwa na jibu, na nililitoa nikimtazama usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Ulinipeleka shule, papa. Hiki ndicho nilichosoma."

Akaketi. Mwenyekiti wa mkutano akasema jambo limesikika, malori yataendelea kupangwa, na kama maabara ina neno jingine ilete karatasi nyingine. Nikasema nitaileta. Mtu akaguna kwamba nitapata wapi mbuzi wa kupima, kwani hapo hakuna atakayekubali wake waguswe tena. Ndipo mama, aliyekuwa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa mbele, akasema bila kuinua sauti:

"Atachukua kwangu. Kwangu kuna wagonjwa wa kutosha."

Nilirudi Kitengela jioni ile nikachukua kasha la barafu la maabara, barafu mpya, vichupa vyenye maji maalumu yanayozuia RNA isivunjike, na glovu. Niliviandika vyote nilivyochukua, mahali ambapo kila mtu angeona. Jumapili, watu wakiwa kanisani, mimi na mama tulikuwa zizini. Alimshika kila mbuzi kichwa kati ya magoti yake, akimwita kwa jina, nami nikapitisha kijiti puani, machoni, na pembeni mwa vile vidonda vya mdomo. Wengine hawakuwa na nguvu hata ya kuvuta kichwa. Mmoja alikufa tukiwa bado hapo. Mama alimfunika kwa gunia akaendelea kunishikia aliyefuata, na ni baada ya wa mwisho tu ndipo aliposogea ukutani akajifuta uso kwa ncha ya shuka.

Nilimwambia nitaondoka na vichupa. Akasema tunaondoka pamoja.

Jumatatu asubuhi tuliingia maabara, mimi na kasha, yeye nyuma yangu na fimbo yake. Daktari alipojua sampuli zimetoka wapi alikataa. Alisema hatupimi sampuli za familia ya mfanyakazi, na hasa mfanyakazi ambaye ameshatangaza jibu mbele ya watu. Kwa haki ya Mungu, sheria hiyo ni nzuri, na ningekuwa yeye ningeisema. Nilianza kutafuta maneno. Mama akanitangulia. Kiswahili chake ni cha sokoni, hakibembelezi mtu.

"Mimi si mfanyakazi wako," akamwambia. "Mimi niko na mbuzi. Mbuzi inakufa. Nimeleta, na nangoja."

Akakaa kwenye benchi la mapokezi, akaweka fimbo juu ya mapaja, akafunga macho. Wateja waliingia wakamkuta, wakaondoka wakamwacha. Mwuza saruji wa jirani alikuja kuchungulia. Msichana wa kaunta alimletea chai, akanywa, akafunga macho tena. Daktari alipita mbele yake kwenda chooni na kurudi, akapita tena, na kila mara nilimwona akitafuta njia ya kupita mbali naye, ingawa chumba kilikuwa kidogo na njia ilikuwa hiyo hiyo moja.

Kabla ya chakula cha mchana alivaa glovu mwenyewe. Alisema nisiguse kitu, nisiingie hata ndani, ili kesho asitokee mtu wa kusema nimepika majibu. Nilisimama nje ya mlango wa kioo nikamwangalia akifanya kazi ambayo nadhani hakuwa ameifanya kwa mikono yake kwa miaka. Alikuwa stadi. Alifuta meza kwa dawa ya kuua vimeng'enya, akabadilisha glovu kila alipogusa mlango, akaweka vichupa kwenye barafu wakati wote. Kwanza RNA ilitolewa kwenye seli na kusafishwa. Kisha ikanakiliwa kuwa DNA, kwa sababu mashine haiwezi kuizidisha RNA ikiwa katika hali yake. Halafu ikabaki kungoja. Nilijua kila hatua, na bado nilijikuta nimeshika kitasa cha mlango kwa nguvu kama mtu anayezuia usifunguke.

Aliponiita hakugeuka. "Njoo uone," akasema.

Mstari wa mbuzi ulikuwa umepanda, mzuri na mapema, katika kila kichupa. Mbuzi wa mama walikuwa nyumbani. Na nyuma yake, katika vichupa karibu vyote, mstari wa kirusi nao ulikuwa ukipanda.

Mimi niliyekuwa na hakika sikufurahi. Nilikuwa nimeomba nionekane mwongo. Daktari alivua miwani akaiweka mezani, akaniuliza kama mama angependa kuona. Nilimleta hadi kwenye kioo. Alitazama skrini kama anavyotazama mawingu, kichwa kimeinama upande.

"Huyu ni nani?" akauliza, kidole karibu na mstari wa kwanza.

"Huyo ni mbuzi mwenyewe, yeyo," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kimaa.

"Na huyu anamfuata?"

"Huyo ndiye anamuua."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akamwuliza daktari, si mimi, ni nini kinaweza kufanywa kwa wale ambao bado wazima. Daktari akamwambia kuna chanjo. Akainua simu hapo hapo akawapigia maofisa wa mifugo wa serikali, akawasomea majibu yote, akawaambia pia, bila kulazimishwa na mtu, kwamba ile karatasi ya kwanza haikupaswa kutolewa na kwamba aliitia sahihi yeye. Mimi sikumhurumia siku ile. Siku hizi namheshimu kwa simu hiyo, na bado nasema asingeitoa ile karatasi.

Maofisa walikuja wakachukua sampuli zao, wakapata tulichopata. Siku moja kabla ya soko, karantini ilitangazwa. Kuna waliofika alfajiri na mbuzi wao wakakuta geti limefungwa, na mimi nilikuwa pale, kwa sababu sikutaka kusemwa nikiwa mafichoni. Nilisemwa mbele ya uso wangu. Mwanamke mmoja ninayemfahamu tangu shule ya Jumapili aliniuliza kama watoto wake watakula hiyo RNA yangu. RNA hailishi mtu, nikakiri. Nilimwambia ukweli, kwamba mbuzi wake watano wazima waliobaki nyumbani wana nafasi ya kupona wakichanjwa, na kwamba wangesimama na hawa hapa leo wasingekuwa nayo. Akatema mate chini, akaswaga mbuzi wake kurudi. Kwenye kundi la simu la kijiji iliandikwa kwamba nimenunuliwa na watu wanaotaka ardhi ya wafugaji. Nilijibu mara moja, kwa sauti yangu mwenyewe, si kwa maandishi, kisha nikajitoa kwenye kundi.

Chanjo ilifika. Watu walisita, kwa sababu lilizuka neno kwamba inabadilisha damu ya mbuzi wazae viwete. Nilizunguka na wachanjaji boma hadi boma nikieleza. Chanjo ile ni kirusi kile kile, kilichodhoofishwa hadi hakiwezi kuua, nacho kina RNA yake. Kinaingia kwenye seli, seli inatengeneza protini zake kidogo, mwili unazijua na kujifunza kupigana nazo, basi. RNA hiyo haiingii ndani ya DNA ya mbuzi, wala haibaki. Inavunjwa kama nyingine zote. Nililisema hilo mara nyingi hadi nikawa nalisema usingizini. Wengine walikubali kwa sababu walielewa, wengine kwa sababu walichoka kunisikiliza, na mimi nilipokea wote.

Mama alipoteza zaidi ya nusu ya kundi lake. Waliochanjwa wakiwa wazima walibaki. Baba mdogo alikuwa na kundi jingine kubwa kwa rafiki yake upande wa Oltepesi, ambako ugonjwa haukuwa umefika, na hao wote walichanjwa. Alikuja mwenyewe kuwashika. Tulifanya kazi kutwa nzima, mita chache kati yetu, naye akiongea na wachanjaji tu. Wakati wa kuondoka nilimwendea, nikainamisha kichwa kama mtoto anavyosalimia mkubwa. Aliweka kiganja juu ya kichwa changu, kama inavyotakiwa, akakiondoa. Sikumwomba msamaha, kwa sababu sikuwa na la kuombea.

Maabara haikuniongezea mkataba. Daktari aliniambia kazi imepungua, na ilikuwa kweli, wafanyabiashara walikuwa wamehamia kwingine ambako majibu hayana maswali. Nilimwuliza kama ni kwa sababu ya ile siku. Akasema angependa kuniambia sivyo. Tukaagana kwa mkono.

Sasa nafundisha katika chuo kidogo cha afya ya mifugo, hapa hapa Kitengela, darasa linalotazama mashimo ya mawe na mbuzi wachafu wanaokula makaratasi. Nafundisha RNA kwa Kiswahili. Mwanzoni msimamizi mmoja aliniambia kwamba sayansi ya aina hiyo inapoteza uzito ikisemwa hivyo, na wanafunzi watacheka. Walicheka siku ya kwanza. Nikawauliza waniambie kwa Kiingereza uzi ule unasomwa herufi ngapi kwa wakati, wakakosa jibu kwa lugha zote mbili, tukaanza kazi. Msimamizi alirudi muhula uliofuata kunikumbusha. Nikamwambia nimesikia, nikaendelea.

Mwezi uliopita kulikuwa na mkutano nyumbani kuhusu kisima kipya, mahali kitakapochimbwa na nani ataweka ufunguo wa pampu. Wanawake ndio wanaobeba maji, na hakuna hata mmoja aliyearifiwa. Nilisikia habari zake kwa binamu yangu. Nilivaa, nikaenda, na nilipofika nilimkuta mama ameshachukua kiti cha plastiki, cha mbele, karibu na baba mdogo.